Dhahabu Isiyolia

Mama yangu haoni vizuri siku hizi. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na hospitali anaiogopa kuliko kaburi, kwa hiyo hututambua kwa masikio. Nikifika kwake Jericho, kwenye nyumba ileile ya kanso, ya kupanga kwa baraza la jiji, tuliyokulia, huwa sijabisha hodi na yeye ameshaniita kutoka ndani: "Ingia, mkubwa." Ni bangili zangu nane zinazonitangulia. Zinalia nikitembea, zinalia nikimpimia mteja mafuta ya kupikia dukani, na mume wangu anasema zinalia hata nikiwaza. Mdogo wangu yeye huingia kimya, na mama amemjua kwa kimya hicho. Mlango ukifunguka bila sauti yoyote, husema, "Ingia, mdogo."

Lakini hapo zamani mdogo wangu naye alikuwa na bangili zake nane, ndugu wa hizi zangu. Mama ndiye aliyezitengenezesha, seti mbili, sonara mmoja, mchoro mmoja wa majani. Zilitokana na mahamri na mbaazi alizowauzia watu wa mtaa huu tangu sisi tukiwa wadogo wa kutumwa chumvi. Alikuwa akipata kidogo anakwenda kwa sonara, ananunua kipande, anakiweka. Benki hakuipenda. Alisema dhahabu haiozi, hailiwi na panya, na haibadiliki sura serikali ikibadilika. Kila mmoja wetu alivishwa zake siku ya harusi, mbele ya wanawake, na kwetu kile anachovishwa bibi harusi mbele ya watu hakivuliwi kikarudishwa. Kimekuwa chake.

Kisha shemeji yangu akafariki. Kwetu mjane akikaa eda huvua dhahabu yote, na mdogo wangu alizivua zake akazitia kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Eda ikaisha. Bangili hazikurudi mkononi. Hilo halikumshangaza mtu. Tuliona ni huzuni, na huzuni ya mtu huiingilii.

Miaka mitatu baadaye binti yake akaposwa. Harusi ilipangwa: nikaha ya wanaume msikitini Ijumaa, na kupamba bibi harusi Jumapili, siku ya wanawake, ambapo bibi yake angemvisha bangili za mama yake. Mama alikuwa haongei kitu kingine. Kila aliyekwenda kumjulia hali alisimuliwa zile bangili upya, na jinsi atakavyozipapasa mwenyewe moja moja kabla ya kumvisha mjukuu wake.

Alhamisi nikafunga duka mapema, nikaenda kwa mdogo wangu Makadara kuchukua ule mkebe. Dhahabu iliyokaa gizani hufifia, na sonara alikuwa ameniahidi kuing'arisha siku hiyohiyo. Nilimkuta amezungukwa na mafurushi ya madira anayouza kwa simu. Alikuwa ananyoosha moja kwa pasi.

"Leta mkebe," nikamwambia. "Sitaki hata chai."

Akazima pasi. Akaenda akafunga mlango kwa komeo, jambo ambalo halifanyi mchana. Kisha akaweka simu yake mezani mbele yangu, akaigeuza inielekee.

"Ziko humu, dada."

"Humu wapi?"

"Humu kwenye simu."

Nikacheka. Nikangoja naye acheke. Hakucheka.

Akanieleza huku amesimama. Wezi walikuwa wamevunja nyumba ya jirani, wakaenda moja kwa moja kwenye godoro kama walioelekezwa. Tangu siku hiyo hakupata usingizi. Kila akisikia paka kwenye mabati alishuka kupapasa ule mkebe. Kwenye kundi lao la simu la wanawake wauza nguo, mmoja akawafundisha habari ya sarafu za kidijitali ambazo nyuma yake kuna dhahabu ya kweli. Sarafu moja, wakia moja ya dhahabu, imefungiwa kwenye sefu ng'ambo. Dhahabu ikipanda duniani, sarafu inapanda. Mwizi akija, ataiba nini? Akaziuza bangili kwa sonara mmoja wa mjini asiyetujua, akanunua hizo sarafu.

"Na huyo sonara alizipeleka wapi?"

"Aliziyeyusha, dada. Mbele yangu."

Nilisimama. Nilitaka kumpiga, na sisemi kwa mzaha. Nilimwona mama yangu akiinama juu ya karai la mafuta, alfajiri baada ya alfajiri. Nikamwambia, "Nikikunyonga hapa, kesho nitasimama kizimbani hapo Makadara, na hakimu akisikia kisa chenyewe ataniachilia."

"Sikiliza kwanza," akasema. "Imepanda."

Ikanibidi niketi, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Tangu aziuze, dhahabu ilikuwa imepanda sana, na sarafu imeifuata mguu kwa mguu. Akaniwekea kidole kwenye ule mstari unaopanda. Kwa siku ile angeweza kununua bangili nane mpya na chenji ikabaki.

"Basi uza leo hii, twende kwa sonara wetu, aziige zile. Mchoro anao, baba yake ndiye aliyezitengeneza."

"Kesho zitakuwa juu zaidi."

"Uza leo!"

"Dada, wewe hujawahi kuzuia mitungi ya mafuta ukingoja bei?"

Hapo alinipata. Mafuta ninayouza yanakamuliwa Asia, na bei yake inapangwa na watu wasiojua Jericho iko upande gani wa dunia. Wakikohoa wao, mteja ananitukana mimi. Nimejifunza kuwasikiliza wakikohoa, na ndiyo, nimewahi kuuacha mzigo stoo wiki moja ili upate thamani. Kwa hiyo ile tamaa yake niliijua. Sikuipenda, lakini niliijua, nikamwachia mpaka kesho yake.

Ijumaa hakupata nafasi ya kupumua. Wakwe walijaa nyumbani baada ya nikaha, pilau ikapikwa kwenye sufuria za kukodi, na kila nikimkonyeza aliniambia kwa sauti ya chini, "Hii haifungwi, dada. Si benki. Unauza Ijumaa, unauza Jumapili, unauza hata usiku wa manane." Alilirudia jambo hilo kana kwamba ndilo sifa kuu ya ile sarafu. Jioni akanionyesha simu tena. Dhahabu ilikuwa imefunga wiki juu kuliko siku zote alizowahi kuiona. Alikuwa anang'aa uso, amechoka, amepakwa masizi shavuni, na mimi nikaiachia roho yangu itulie. Nikamwambia, tukutane kesho asubuhi Eastleigh.

Sonara wetu ana duka jembamba lenye kioo kinene. Jumamosi tulimkuta ndiyo kwanza anapanga trei zake. Tulimweleza tunachotaka, tukamficha sababu, na yeye kama mtu mwenye adabu hakuuliza. Alikuwa na bangili za majani tayari, si zilezile, lakini mtu angehitaji kuziweka sambamba na zangu ndipo aone tofauti. Akapima nane. Akaandika bei kwenye kikokotoo, akatugeuzia.

Mdogo wangu akafungua simu kuuza. Nikamwona anasogeza kidole, anafunga, anafungua tena. 

"Imeshuka," akasema.

"Nini imeshuka?"

"Sarafu."

"Dhahabu imeshuka?" nikamgeukia sonara.

"Dhahabu haijashuka," akasema sonara. "Dhahabu imelala. Soko lake lilifungwa jana, mpaka Jumatatu."

Mdogo wangu akampigia kijana anayewanunulia sarafu na kuwatumia pesa. Akaiweka sauti wazi ili na mimi nisikie.

"Niaje mathe," ile sauti ikasema. "Leo market iko mbaya, si mchezo. Zile coin kubwa zimeanguka usiku, kila mtu anauza chenye ako nacho. Hata hiyo yako ya gold wanaitupa tu. Naeza chukua, lakini kwa bei ya leo."

Akaitaja bei ya leo. Kwa bei hiyo, bangili nane zilikuwa zimegeuka tano.

"Lakini yangu ina dhahabu nyuma yake!" mdogo wangu akamwambia. "Dhahabu haijashuka!"

"Naelewa mathe. Ngoja Monday, itarudi. Mimi mwenyewe siwezi kukaa nayo weekend, wasee wanataka cash."

Simu ikakatika. Kwenye kioo kile kulikuwa na dhahabu mbili. Moja ilikuwa kwenye trei ya sonara, nayo bei yake ilikuwa imesimama palepale ilipofungia Ijumaa, juu kabisa. Nyingine ilikuwa kwenye simu ya mdogo wangu, haina Jumamosi wala Jumapili, na kwa kuwa haipumziki ilikuwa imekesha usiku kucha ikikimbizana na wenzake walioshikwa na hofu. Sifa ileile aliyoisifu jana ndiyo iliyotuchinja. Sarafu inauzwa saa zote, ni kweli, lakini saa ambazo dhahabu imelala hakuna wa kuishika mkono.

"Jumatatu soko likifunguka zitakutana," sonara akasema. "Huwa zinakutana."

"Na harusi ni kesho," nikamjibu. "Zitakutana kwenye matanga?"

Akaanza kuzirudisha bangili kwenye kitambaa chake. Mdogo wangu akamshika mkono wa kanzu.

"Tupe leo, tukulipe Jumatatu. Dada yangu ana duka, unamjua. Mama yetu unamjua."

Sonara akautoa mkono wake taratibu. "Mama, ingekuwa kitambaa ningekupa. Ingekuwa mchele ningekupa. Dhahabu haikopeshwi. Mkono kwa mkono, papo hapo, au hiyo ni riba na mimi sitaki kuijibu kwa Mola wangu." Kisha akaitazama ile simu kwa udadisi wa kweli, hakuwa anakejeli. "Na hii yako, ulipoinunua, kuna aliyeishika?"

Mdogo wangu akaifunga simu, akaitia mkobani.

Nikamwomba atuazime basi, kwa siku moja tu. Akatikisa kichwa. Alijua desturi yetu kama tunavyoijua sisi: mapambo ya bibi harusi hayavuliwi. Nani angemwendea binti wa watu Jumatatu asubuhi kwa mumewe kumwambia anyooshe mkono?

Tulirudi kwa matatu. Mara moja tu alinong'ona kwamba sokoni Gikomba kuna wanaouza bangili za kuchovya, shaba iliyopakwa dhahabu juu, huwezi kuzitofautisha kwa macho. Nikamwambia kwa macho huwezi, lakini anayevisha hana macho, ana masikio na vidole. Za kuchovya zinalia kama vijiko vya chai. Mama angezitambua zikiwa bado kwenye mfuko, na angezitambua mbele ya wanawake wote wa pande mbili.

Jambo lililonikera zaidi ni kwamba hakuniomba. Tulijua sote wawili bangili nane za mchoro ule ziko wapi. Zilikuwa zinalia palepale katikati yetu kila gari lilipokanyaga shimo. Angeniomba, ningemkatalia kwa haki yangu, tugombane, nipumue. Aligeuza uso dirishani tu. Nikauingiza mkono ndani ya buibui na kuushikilia, na nilimchukia kwa kutoniomba.

Nilimweleza mume wangu jioni. Yeye anauza vitanda Gikomba, mtu wa maneno machache na misumari mingi. Akaniuliza, "Zinatoka?" Nikamwambia hazijatoka tangu mtoto wetu wa pili, mkono umenenepa, zimekuwa sehemu ya mfupa. Akasema, "Basi kwanza ujue kama zinatoka, ndiyo uamue kama unatoa." Nikamrushia mto. Lakini usiku ule nilizizungusha mkononi na nilitaka nilie. Sikuwa ninaililia dhahabu. Nilijiuliza mama ataniitaje nikifika mlangoni.

Jumapili nikabeba kidumu cha mafuta kutoka dukani, nikaenda nacho kwa mdogo wangu, nikapita katikati ya wanawake waliokwisha kuketi hemani, wakadhani ni ya kukaangia. Mdogo wangu alikuwa jikoni amesimama mbele ya sinki, hafanyi lolote. Alikuwa ameamua kwenda kumwambia mama ukweli kabla bibi harusi hajatoka. Alikuwa ameshajifunga mtandio vizuri, kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

"Funga mlango," nikamwambia. "Mimina."

"Dada, usi—"

"Mimina kabla sijabadilisha nia."

Akapiga magoti sakafuni, akanimiminia mafuta kutoka kwenye kifundo mpaka vidoleni. Nikaukunja mkono, dole gumba ndani ya kiganja. Ya kwanza ilitoka kwa urahisi, tukatazamana. Ya pili ikatoka. Kuanzia ya nne ngozi ilikuwa imevimba, na kila moja ilikuwa na kilio chake, changu mimi. Nje ngoma ya vugo ikaanza, maana yake bibi harusi anasimama. Ya saba ikatoka na kipande cha ngozi. Ya nane ikagoma juu ya fundo la dole gumba.

"Iache," akasema, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Saba zinatosha, nitasema moja ilipotea."

"Mama anahesabu. Vuta."

"Nakuumiza."

"Vuta, we mwana!"

Akavuta. Nikauma mtandio wangu. Ikatoka, ikaruka, ikabiringika chini ya jiko, na mdogo wangu akaifuata kwa tumbo na nguo yake mpya ya harusi. Tukaziosha kwa sabuni, tukazifuta, akazifunga kwenye kitambaa cheupe. Mlangoni akageuka kunitazama. Alitaka kusema jambo, nikamwambia atoke.

Mama alikuwa amekalishwa kiti cha mbele. Akapewa kile kitambaa mapajani, akakifungua, na wanawake wakasogea. Akaishika ya kwanza, akaipitisha kidole kwenye majani ya mchoro mzunguko mzima. Nilikuwa naogopa, ingawa zilikuwa za kweli, za mkono wake mwenyewe. Akaigonga kwa ya pili, karibu na sikio, akatabasamu. Akamvisha mjukuu wake moja moja mpaka nane, hesabu yake haikukosea. Vigelegele vikapanda mpaka nadhani walisikia Jogoo Road. Bibi harusi akainama akambusu bibi yake mkono, na zile bangili zikalia kwenye mkono mpya. Nilifurahi, na papo hapo nikasikia wivu kama wa mtu aliyenyang'anywa jina.

Mama akataka kusimama. Nilikuwa karibu naye, akanyoosha mkono kutafuta wa kuushika, akaukamata wangu. Akaupapasa kuanzia kiwiko. Akateremka. Akafika kifundo, kwenye ngozi iliyochubuka, iliyo tupu. Akarudi juu, akateremka tena.

"Nani alokufa?" akauliza.

Hakuuliza kwa siri. Mama hana sauti ya siri. Hema lote likageuka. Mwanamke mwenye mume, siku ya harusi, mkono mtupu: hakuna tafsiri mbili. Nilimwona mdogo wangu ng'ambo ya hema, trei ya halua mikononi, amesimama tisti.

"Hajafa mtu, mama," nikasema. "Ni mafuta ya kupikia. Mkono umeumia, nikazivua."

Akauleta mkono wangu puani, akaunusa. Harufu ya mafuta ilikuwepo. Hakuuachilia mpaka tulipofika chumbani.

Habari haina miguu lakini inakimbia. Chakula hakijaisha kugawiwa, mume wangu akanipigia kutoka upande wa wanaume. "Nasikia nimekufa," akasema. "Nimezikwa wapi, niende nikazuru?" Nilicheka mpaka nikajishika ukuta. Nikaenda jikoni kumsimulia mdogo wangu, ili naye acheke, tuimalize ile siku.

Alikuwa anaosha sahani. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya povu.

"Wewe umeulizwa siku moja," akasema. "Mimi mkono wangu uko hivi miaka mitatu."

Nikataka kumwambia wewe ni mjane, ni tofauti.

"Niliziuza, dada, nikaja kwa mama jioni ileile. Nikakaa na nyinyi, nikala na nyinyi. Niliogopa mno. Nilingoja mtu aulize zile bangili zako ziko wapi, kwa nini huzivai. Nilikuwa nimeshapanga na uongo wa kusema." Akaisuuza sahani, akaiweka juu ya nyingine. "Sikuutumia."

Niliona aibu, aibu ya kichwani mpaka miguuni. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta zile sahani, moja baada ya moja, kwa mkono mmoja mzima na mmoja unaowaka, mpaka zikaisha.

Jumatatu soko la dhahabu likafunguka. Zikakutana, kama sonara alivyosema. Ile ya simu ikapanda kuifuata ya kweli, hofu ya Jumamosi ikasahaulika kama haikuwahi kuwako, na mchana mdogo wangu akauza sarafu zake zote kwa bei aliyoiona Ijumaa na kidogo juu yake. Alikuwa amesema kweli kuhusu dhahabu. Ilinikera kukubali hivyo, na bado inanikera. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa sarafu haifungi mlango, na dhahabu nayo ingekuwa macho siku anayoihitaji.

Tukarudi Eastleigh. Akalipa, sonara akamkabidhi, mkono kwa mkono. Bangili nane za majani. Mdogo wangu akazisukuma zote upande wangu kwenye kioo.

"Hizo zako. Na deni halijaisha."

Nikavaa nne. Ziliingia bila mafuta, zilikuwa pana kidogo, sauti yake kali kuliko ya zile. Kisha nikamshika mkono wake kwa nguvu na kuanza kumvisha zile nyingine. Akauvuta.

"Mjane nivae kwa ajili ya nani?"

"Eda yako iliisha zamani. Nyoosha mkono."

"Dada, watu—"

"Watu gani? Wale ambao hawakuuliza?"

Sonara akajifanya anafuta kioo. Mdogo wangu akaulegeza mkono. Nikamvisha nne, na akabaki anautazama kama si wake.

Tulipofika Jericho mteja mmoja akanisimamisha karibu na soko akitaka kujua bei ya mtungi, na mdogo wangu akatangulia kwa mama. Nikawa nyuma yake kidogo, naona mgongo wake tu. Bangili zilikuwa zinalia kwa kila hatua, naye alijaribu kuzibana kwa mkono wa pili, akashindwa.

Hakuwa amebisha hodi bado.

"Ingia, mkubwa," mama akaita kutoka ndani.

Mdogo wangu akasimama pale mlangoni. Mimi nikasimama njiani.

"Ni mimi, mama," akasema. "Ni mdogo."

Kisha nikasikia kiti kikisogezwa, na mama akatoka mwenyewe, anapapasa ukuta, mpaka akamfikia. Akautafuta mkono wake, akateremka mpaka kifundo, akazikuta. Hakuuliza zimetoka wapi, wala kwa nini ni nne. Akautikisa ule mkono ili zilie tena.

"Karibu, mwanangu," akamwambia. "Siku nyingi."

Na walikuwa wameshinda pamoja jana yake, mchana kutwa.